Shairi na Picha Ukurasa Mmoja: Maisha ya William Blake

Katika chama chetu tumezoea kusimuliwa habari za malenga wa pwani kama Muyaka. Leo nawavusha bahari hadi Uingereza kwa William Blake, malenga ambaye huenda mmekutana na jina lake katika somo la Kiingereza. Lakini jamani, msimsahau mkewe.

Blake alizaliwa London tarehe 28 Novemba 1757. Babake alikuwa muuza soksi. Shuleni hakukaa sana. Alipokuwa na miaka 14 alipelekwa kwa fundi James Basire kujifunza kuchonga picha kwenye mabamba ya shaba, na huko alikaa miaka saba. Saba mizima!

Mwaka wa 1782 alifunga pingu za maisha na Catherine Boucher, binti wa mkulima wa mboga. Siku ya harusi Catherine alitia alama ya X katika kitabu cha kanisa, mahali pa sahihi. Blake hakumwonea haya. Alimfunza kusoma na kuandika, kisha akamfunza kuchora, kutia rangi na kupiga chapa.

Sasa sikizeni ufundi wao. Enzi hizo maneno ya kitabu yalipigwa chapa kivyake na picha kivyake, na gharama haikuwa haba. Mwaka wa 1787 Robert, ndugu mdogo wa Blake aliyempenda mno, alifariki. Blake alidai kwamba Robert alimtokea akamwonyesha njia mpya. Uamini usiamini, njia yenyewe ilifaulu. Alichukua bamba la shaba, akaandika shairi na kuchora picha papo hapo kwa umajimaji usioliwa na asidi. Maneno aliyaandika kinyumenyume, kama yaonekanavyo kwenye kioo. (Jaribu kuandika jina lako hivyo uone kazi!) Halafu akamwaga asidi, ndugu ya ile tunayoiogopa maabarani, ikala shaba iliyobaki wazi. Maneno na picha vikabaki vimeinuka, tayari kwa wino.

Catherine alisaidia kupiga chapa, kupaka rangi za maji kwa mkono, hata kushona kurasa. Ndivyo kilivyotoka kitabu chao cha mashairi cha mwaka wa 1789, na kile kikubwa zaidi cha 1794. Kwa kuwa rangi zilitiwa kwa mkono, nakala moja si sawa na nyingine. Lakini jaladani ni jina la Blake tu. Mimi naona hapo mama huyu alidhulumiwa.

Pesa je? Hazikuja. Mwaka wa 1803 Blake aligombana na mwanajeshi bustanini mwake, akashtakiwa kwamba amemtukana mfalme. Mahakama ilimwachilia Januari 1804. Mwaka wa 1809 alifanya maonyesho ya picha katika duka la kakake, watu wachache wakaja, na gazeti moja likamwita mwendawazimu. Hawakujaaliwa watoto. Walikuwa wao wawili na mtambo wao.

Blake aliaga dunia tarehe 12 Agosti 1827, akazikwa Bunhill Fields katika kaburi lisilo na jiwe. Jiwe la mahali penyewe lilizinduliwa mwaka wa 2018. Catherine naye hakuketi kulia tu. Aliendelea kupiga chapa, kutia rangi na kuuza kazi za mumewe hadi alipofariki mwaka wa 1831.