Quetelet, mtaalamu wa nyota aliyeupima mwili wa binadamu

Mfanyabiashara wa mpakani anajua kwamba kipimo ni makubaliano. Lumbesa na gunia la kawaida yote huitwa gunia, lakini mkulima aliyepakiwa lumbesa anajua alichopoteza. Karibu miaka 200 iliyopita, raia mmoja wa Ubelgiji alijiuliza kama mwili wa binadamu nao unaweza kupatiwa kipimo kimoja, kitakachotumika kila mahali. Hesabu aliyoiacha bado inatumika katika kliniki zetu.

Adolphe Quetelet alizaliwa mjini Ghent tarehe 22 Februari 1796, wakati mji huo ukiwa chini ya Ufaransa. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka saba. Alipofika miaka 17 alikuwa tayari anafundisha shuleni. Mwaka 1819 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Ghent, na mwaka huohuo akahamia Brussels kufundisha.

Ndoto yake ilikuwa kujenga kituo cha kuchunguza nyota. Kwa ajili hiyo, mwishoni mwa mwaka 1823 alisafiri kwenda Paris, ambako alikutana na wanahisabati mashuhuri kama Laplace na Fourier. Huko alijifunza jambo lililobadilisha maisha yake. Mtu akiipima nyota moja mara nyingi, majibu hayalingani. Mengi hujikusanya katikati na machache huangukia mbali. Quetelet akawaza: je, watu nao si hivyo?

Mwaka 1828 aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa kituo hicho mjini Brussels. Lakini yalipozuka mapinduzi ya mwaka 1830, yaliyoizaa nchi ya Ubelgiji, jengo lilikuwa bado halijakamilika na wapiganaji wakaligeuza ngome. Nyota zikabaki kusubiri, naye akazidi kugeukia takwimu za watu.

Alikusanya urefu na uzito wa watoto wachanga, vijana na watu wazima. Mwaka 1832 alichapisha utafiti wake kuhusu uzito katika umri mbalimbali, na mwaka 1835 kikafuata kitabu kikubwa kuhusu binadamu na maendeleo yake. Aligundua kwamba kwa watu wazima, uzito hauongezeki sawasawa na urefu, bali hukaribia kuongezeka kwa urefu unaozidishwa kwa urefu uleule. Chukua mtu wa kilo 64 mwenye urefu wa mita 1.6. Zidisha 1.6 kwa 1.6 upate 2.56, kisha gawa 64 kwa 2.56. Jibu ni 25.

Quetelet hakuwa anatafuta nani mnene na nani mgonjwa. Alitaka kumjua aliyemwita mtu wa wastani. Mwaka 1846 alichapisha hesabu za vifua vya wanajeshi zaidi ya 5,000 wa Scotland, akaonyesha kwamba vipimo vyao vilijipanga kama vile vya nyota, wengi katikati na wachache pembeni.

Hapo ndipo alipovuka mpaka. Alianza kumwona mtu wa wastani kama mfano ambao maumbile yanaulenga, na waliotofautiana naye kama makosa. Muuza viatu hawezi kukubaliana naye. Hata kama wastani wa wateja wake ni namba 40, hawezi kuagiza namba 40 peke yake, kwa maana wenye namba 37 na 44 nao wana miguu mizima.

Katika jambo jingine aliona mbali. Mwaka 1853 aliandaa mjini Brussels mkutano wa kwanza wa kimataifa wa takwimu, kwa sababu takwimu za nchi mbili haziwezi kulinganishwa kama kila moja inahesabu kwa namna yake. Mwaka 1855 alipata kiharusi kilichodhoofisha kumbukumbu yake, lakini hakuacha kazi. Alifariki Brussels tarehe 17 Februari 1874, siku tano kabla ya kutimiza miaka 78.

Hesabu yake ilipata jina jipya karibu miaka 100 baadaye. Mwaka 1972 Ancel Keys, mtafiti wa Marekani, aliilinganisha na njia nyingine za kukadiria unene, akaipendekeza. Ndiyo inayojulikana leo kwa herufi BMI. Shirika la Afya Duniani limeiwekea mipaka kwa watu wazima: chini ya 18.5 ni uzito pungufu, kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia.

Lakini mizani haijui inapima nini. Mpagazi mwenye misuli na mtu mwenye kitambi wanaweza kupata namba moja, ingawa mmoja amebeba misuli na mwingine mafuta. Ndiyo maana wahudumu wengi hupima pia mzingo wa kiuno.

Kwa watoto wadogo mambo ni tofauti zaidi. Quetelet mwenyewe aliona kwamba kanuni yake haiwafai wanapokua kwa kasi. Kipimo rahisi kwao kilipata nguvu hapa kwetu katika miaka ya 1960, wakati Derrick Jelliffe, daktari wa watoto aliyefundisha Makerere, Kampala, alipohimiza matumizi ya mzingo wa mkono wa juu. Kitabu chake cha kupima hali ya lishe katika jamii kilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1966.

Leo utepe huo wenye rangi unatumika katika kliniki za nchi zetu zote. Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano ambaye mkono wake uko chini ya sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali na anahitaji matibabu mara moja, awe Goma au Gisenyi. Muhudumu hubonyeza pia miguu yote miwili kwa kidole gumba. Shimo likibaki, hiyo ni dalili ya unyafuzi, ambao huujaza mwili maji na kuongeza kilo za uongo. Mtoto aliyevimba miguu apelekwe kliniki, hata kama mizani inasema uzito wake unatosha.