Hemingway alikaa Machakos. Je, ununue vitabu vyake?

Ulijua kwamba Ernest Hemingway aliwahi kukaa Machakos? Si kupitia tu akielekea pwani. Kukaa. Mwenyeji wake alikuwa Philip Percival, mwindaji Mwingereza mwenye shamba huko Potha, nje ya mji, ambaye jina lake lilikuwa limevuma tangu alipomwongoza Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, kwenye uwindaji wa mwaka 1909.

Nakuletea habari zake kwa sababu ya lile swali ambalo sisi vijana hatuchoki kubishania: msanii akiwa na maoni ya kukera, ni sawa kununua kazi yake? Mara nyingi tunabishana juu ya mwanamuziki wa ng'ambo ambaye hatujui hata Kenya ni wapi kwake. Huyu mzee basi ni wetu kidogo, tupende tusipende.

Alizaliwa tarehe 21 Julai 1899, Oak Park, karibu na Chicago. Babake alikuwa daktari na ndiye aliyemfunza bunduki na ndoana. Chuo hakwenda, jambo ninalolipenda kwa sababu zangu. Akiwa na miaka 18 tayari alikuwa ripota wa gazeti kule Kansas City. Mwaka 1918 alikuwa Italia akiendesha gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu, akajeruhiwa vibaya miguuni. Baadaye akahamia Paris, na mwaka 1926 riwaya yake The Sun Also Rises ikampa jina. Alileta uandishi wa sentensi fupi, maneno ya kawaida, hisia zimefichwa chini. Ukisoma hadithi fupi za leo zinazokwenda haraka bila mapambo, ujue kuna mkono wake mle.

Lakini ndani ya riwaya hiyohiyo kuna Robert Cohn, mhusika Myahudi ambaye Uyahudi wake unachezewa na kudharauliwa kurasa nzima. Katika To Have and Have Not ya mwaka 1937, neno la matusi wanaloitwa watu weusi limetapakaa kama chumvi. Kuna wanaosema ni wahusika wanaoongea, si yeye. Mimi hilo nalikubali nusu. Mhusika anaweza kutukana, sawa, ila mwandishi ndiye anayeamua nani apewe jina na nani abaki kuwa rangi tu.

Alitua Mombasa Desemba 1933 na mke wake wa pili, Pauline Pfeiffer. Safari ile ililipiwa na mjomba wa Pauline, tajiri aliyetoa dola 25,000, chapaa ya kutisha wakati dunia nzima ilikuwa kwenye mdororo wa uchumi. Walipokuwa wakijiandaa waliwinda nyanda za Kapiti, karibu na kwa Percival, kisha wakashuka Tanganyika. Kuhara damu kukamwangusha Serengeti, ikabidi atolewe kwa ndege. Kutokana na miezi hiyo tukapata Green Hills of Africa mwaka 1935, halafu hadithi mbili za mwaka 1936 ambazo wengi huziona kati ya bora zake, The Snows of Kilimanjaro na ile ya Francis Macomber.

Green Hills nimekisoma mara mbili. Mandhari yake ni matamu, bwana, unahisi vumbi. Waafrika wake je? Kuna mwongozaji mmoja mwenyeji aliyependa mbwembwe; Hemingway alimbandika jina la Garrick, mwigizaji wa Kiingereza wa kale, na kwa jina hilo la dhihaka ndiyo tunamjua mpaka leo. Watu waliosoma nyayo, wakabeba bunduki, wakachuna ngozi, ndio waliowezesha kila ukurasa. Jina la kwenye jalada ni moja.

Na kuna kisichoonekana kabisa. Kati ya safari yake ya kwanza na ya pili, Machakos iliwaka. Wazungu walikuwa wamechukua nyanda ambazo Wakamba walilishia, mifugo ikabanana kwenye ardhi iliyobaki, udongo ukachakaa. Serikali ya kikoloni ikaamua dawa ni kuwanyang'anya ng'ombe, wengi wakiishia kwenye kiwanda cha nyama cha Athi River. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakidai mifugo yao. Yeye alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, lakini serikali ililegeza kamba. Barabara ya Muindi Mbingu pale katikati ya Nairobi ndiyo yake. Kwa hiyo ukisoma Hemingway akisifia ukuu wa nyika ile tupu, jiulize nani aliondolewa.

Alirudi Agosti 1953 na mke wa nne, Mary Welsh, akafikia tena kwa Percival. Sasa nchi ilikuwa chini ya hali ya hatari, vita vya Mau Mau vimepamba moto. Serikali ilimfanya mlinzi wa heshima wa wanyamapori upande wa Kimana, karibu na Loitokitok. Hapo mzee akabadilika kwa namna ya ajabu. Alinyoa kichwa, akawinda kwa mkuki, akaanza kujiona Mkamba. Alimwandama msichana wa Kikamba anayemwita Debba na kuwaandikia marafiki kana kwamba ni mchumba wake. Wapo wanaoliona hilo kuwa penzi la Afrika. Mimi naona mzungu mwenye bunduki na cheo cha serikali, wakati wa hali ya hatari, mbele ya msichana ambaye maneno yake hayakuandikwa popote.

Januari 1954 alianguka na ndege mara mbili kwa siku mbili huko Uganda, kwanza Murchison, kisha Butiaba. Magazeti ya dunia yakamtangaza marehemu. Bado hajapona, akaungua kwenye moto wa kichaka Shimoni. Mwaka huohuo alipewa Nobel, asiweze kwenda kuipokea Stockholm. Mwili na akili havikurudi tena sawa, na tarehe 2 Julai 1961 alijiua kwa bunduki nyumbani kwake Ketchum, Idaho.

Sasa turudi kwa pesa zako. Msanii aliye hai anayeeneza chuki, shilingi yako inamfikia, na anaweza kuitumia kuongeza sauti yake. Huyo mimi simnunui, hata wimbo uwe mtamu vipi. Hemingway hali wala hanywi. Sheria ya hakimiliki ya Kenya hulinda kitabu kwa miaka 50 baada ya mwandishi kufa, kwa hiyo tangu mwaka 2012 vile alivyochapisha akiwa hai viko huru hapa kwetu. Ukinunua nakala mpya kutoka ng'ambo, huenda warithi wake wakapata chochote. Ukiinama kwa muuzaji wa mtumba, hela inabaki kwa yule msee aliyekaa juani.

Ndiyo maana kwangu kosa si kumnunua. Kosa ni kumnunua kama ulivyouziwa shuleni: mzee mwenye ndevu, mpenda Afrika, basi.

Ukitaka pa kuanzia, tafuta True at First Light, kilichohaririwa na mwanawe Patrick na kutolewa mwaka 1999. Ni mchanganyiko wa kweli na kubuni. Humo hofu ya kambini inatokana na wafungwa wa Mau Mau wa Kikamba waliotoroka jela ya Machakos. Msome Ngui, mbeba bunduki Mkamba, kila anapotokea. Mzungu anamsifu, anamwita ndugu, na bado ni Ngui anayembebea bunduki.