Aliyempasua "Mfalme" wa Nyuki

Wakulima wa Sagalla, karibu na Voi, wana sababu ya kumheshimu nyuki kuliko wengi wetu. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, baadhi ya mashamba yao jirani na mbuga ya Tsavo Mashariki yamezungushiwa mizinga iliyounganishwa kwa waya, ili ndovu ausukumapo awashtue nyuki, naye ageuze njia. Hata hivyo, mwanafunzi wa huko huko aweza kuhitimu kidato cha nne akiwa amemchora nyuki mara nyingi daftarini bila kumpasua hata mmoja. Vifaa hakuna, tunaambiwa. Udhuru huo ndio unaonikumbusha Jan Swammerdam.

Alizaliwa Amsterdam, Uholanzi, mwaka 1637. Baba yake, mwuza dawa, alikuwa ameijaza nyumba mawe, makombe na wanyama waliokaushwa kutoka ng'ambo. Kijana alisomea udaktari mjini Leiden na kuhitimu mwaka 1667, lakini hakuwa na hamu ya kutibu watu. Wadudu walikuwa wamemteka. Baba alighadhibika, hata akamnyima fedha.

Tangu enzi za Aristotle, wasomi wengi wa Ulaya walimwita mkuu wa mzinga mfalme. (Kiswahili hakingewalazimisha kuamua: neno nyuki halibainishi jike wala dume.) Mwaka 1609 Mwingereza Charles Butler aliandika kwamba mkuu huyo ni wa kike. Swammerdam hakutosheka na kuutazama mzinga kwa nje. Alilifungua tumbo la huyo mfalme na kukuta ovari zilizojaa mayai. Katika nyuki dume alikuta viungo vya kiume. Mabishano ya karne nyingi yalikatwa kwa mkasi.

Mkasi wenyewe ulikuwa mdogo kiasi kwamba aliunoa akiutazama kwa lenzi. Alitumia pia mirija ya kioo yenye ncha nyembamba mno, akapulizia hewa au kuingiza maji ya rangi ndani ya viungo ili vionekane. Wadudu aliwaua kwa spiriti, maji au tapentaini, na mafuta yaliyoziba viungo aliyayeyusha kwa tapentaini. Hadubini yake ilikuwa na lenzi moja tu.

Mengi ya hayo yamo katika uwezo wa shule yoyote ya Taita Taveta. Nyuki aliyekauka chini ya mzinga anafaa kwa kuchunguza mabawa, miguu na miiba ya kichomeo chake. Kwa viungo vya ndani atakikana aliyekufa karibuni, au aliyehifadhiwa katika spiriti. Mwalimu ayeyushe nta kisahanini, iache igande, ambane nyuki kwa pini kifuani, mgongo juu, kisha amfunike kwa maji. Maji ndiyo siri: viungo huelea na kuachana badala ya kugandamana. Akate taratibu kandokando ya tumbo na kuinua magamba ya mgongoni. Kifuko cha asali na utumbo vitajitokeza. Ovari za nyuki mtendakazi ni nyuzi chache nyembamba, ilhali za malkia hujaza tumbo.

Swammerdam alianza kazi saa kumi na mbili asubuhi, akiwa kichwa wazi juani ili asizuie mwanga, hadi adhuhuri macho yalipochoka. Utafiti wa nyuki ulimdhoofisha sana. Aidha, alianza kuogopa kwamba kazi hiyo inamtenga na Mungu. Mwaka 1675 aliiacha na kumfuata Antoinette Bourignon, mwanamke aliyehubiri toba. Baadaye aliirudia, lakini homa ilimwua mwaka 1680, akiwa na miaka 43.

Miswada yake ilitangatanga hadi daktari Herman Boerhaave alipoinunua na kuichapisha mwaka 1737 na 1738. Humo limo kosa pia: Swammerdam hakuwahi kuona malkia akipandwa, akaamini kwamba harufu ya madume yatosha kurutubisha mayai. Anton Janša, mfugaji wa Slovenia, alieleza katika karne ya 18 kwamba malkia hupandwa nje ya mzinga. François Huber wa Uswisi alilithibitisha hilo katika kitabu chake cha mwaka 1792. Huber alikuwa kipofu. Aliyemtazamia na kumpasulia nyuki alikuwa mtumishi wake, François Burnens.