Scipione Borghese: mwanamfalme aliyetoka Beijing hadi Paris kwa gari

Kwa miaka mingi wafanyabiashara wa Ulaya waliifikia China kwa njia ya bahari. Merikebu zao zilitia nanga Huangpu, bandari ya mji wa Guangzhou kusini mwa nchi hiyo, zikasubiri pepo za msimu, kisha zikarejea makwao zikiwa zimesheheni chai, hariri na vyombo vya kauri. Mwanzoni mwa mwaka 1907, gazeti la Le Matin la Paris liliuliza kama yupo mtu awezaye kutoka China hadi Ufaransa kwa nchi kavu, tena kwa gari. Miongoni mwa walioitikia alikuwa Mwitaliano, Mwanamfalme Scipione Borghese.

Borghese alizaliwa mwaka 1871 katika ukoo maarufu uliowahi kumtoa Papa Paulo wa Tano. Alipenda safari ngumu, na mwaka 1900 alikwishaivuka Asia. Tangu mwaka 1904 alikuwa mbunge wa Italia.

Alichagua gari la Itala, kampuni ya Turin iliyokuwa na umri wa miaka mitatu tu. Hata hivyo, jina lake lilikuwa limekwishavuma: mwaka 1906 dereva wake, Alessandro Cagno, alishinda mbio za kwanza za Targa Florio huko Sicily. Gari la Borghese lilikuwa na injini ya zaidi ya lita 7 na nguvu za farasi zipatazo 40.

Mwanamfalme hakuitegemea injini peke yake. Kabla ya mashindano alipanda farasi akaikagua milima iliyo kaskazini ya Beijing, akipima mapito kwa ufito wa mwanzi uliokatwa sawa na upana wa gari. Petroli ilitangulizwa jangwani kwa ngamia.

Magari matano yaliondoka Beijing tarehe 10 Juni mwaka 1907. Pamoja na Borghese walikuwemo fundi wake, Ettore Guizzardi, na mwandishi wa gazeti la Corriere della Sera, Luigi Barzini, aliyetuma habari kwa simu ya maandishi kila walipokuta kituo.

Safari hiyo iliyokusudiwa kuonyesha uwezo wa mashine ilianza kwa nguvu za binadamu. Milimani hapakuwa na barabara ya gari, hivyo vibarua wa Kichina walilifunga kamba wakalivuta juu ya mawe, wakisaidiwa na wanyama. Katika jangwa la Gobi gari dogo la magurudumu matatu la Mfaransa Auguste Pons liliishiwa mafuta, na wenyewe wakaponea chupuchupu.

Siberia, daraja bovu la mbao lilivunjika na Itala ikatumbukia chini. Ilipoinuliwa, injini iliwaka tena. Kwa kuwa barabara zilikuwa zimeharibika, gari lilipitishwa kwenye reli, likirukaruka juu ya mataruma. Baadaye gurudumu moja lilipovunjika, seremala wa kijijini nchini Urusi alilitengeneza upya kwa shoka lake.

Borghese aliingia Paris tarehe 10 Agosti, akishangiliwa na umati mkubwa. Magari matatu yaliyosalia yalifika siku 20 baadaye. Alibaki bungeni hadi mwaka 1913, na akafariki dunia mwaka 1927. Kampuni ya Itala nayo ilifunga milango yake katika miaka ya 1930.

Gari lenyewe lilikarabatiwa, na sasa limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya magari mjini Turin. Watazamaji husoma hapo jina la mwanamfalme na ya wenzake wawili. Vibarua walioshika kamba milimani na seremala mwenye shoka hawakuingia katika orodha ya washindi, ingawa bila wao Itala isingelifika hata nusu ya njia.