Simoni Petro, Mvuvi Aliyefunzwa Kuvua kwa Uzima

Soma kwa ajili ya somo hili: Luka 5:1–11, Habakuki 1:14–17, Mathayo 13:47–50, 17:24–27, Yohana 21:1–19, Matendo 10, 1 Petro 5:1–4.

Katika Nachingwea na Ruangwa wengi wetu hatukukulia kando ya bahari. Samaki wa bahari hutufikia wakiwa wamekwisha kukauka, ng'onda na dagaa waliopanda magari kutoka pwani. Hata hivyo uvuvi si jambo geni kwetu. Maji yanapopungua katika mabonde ya Lukuledi na Mbwemkuru, watu hutega migono na kutupa ndoana madimbwini. Wengine, kinyume cha sheria, hutwanga utupa na kuumwaga majini, na hapo samaki wakubwa kwa wadogo huelea wamekufa. Chombo cha uvuvi hueleza tabia ya mvuvi. Ndiyo maana Biblia inapotaja wavu, ndoana na juya, inatuuliza tunawapataje watu, na tukishawapata tunawafanya nini. Hakuna aliyefunzwa jambo hilo kwa muda mrefu kuliko mtume Petro.

Simoni mwana wa Yona alitoka Bethsaida (Yohana 1:44), na baadaye alikuwa na nyumba Kapernaumu, alimoishi na nduguye Andrea, na mama mkwe wake pia akiwamo (Marko 1:29–30). Bahari ya Galilaya ni ziwa la maji baridi, lenye urefu wa kilomita 21 hivi na upana wa kilomita 13 hivi. Mwaka 1986, maji ya ziwa hilo yalipopungua kwa ukame, ilionekana katika tope la ufuoni mashua ya mbao ya karne ya kwanza, yenye urefu wa mita 8 na kidogo. Katika chombo cha namna hiyo Simoni alikesha usiku mwingi. Walivua kwa ushirika, yeye na Andrea pamoja na Yakobo na Yohana wana wa Zebedayo (Luka 5:10).

Agano Jipya la Kiyunani lina majina matatu ya nyavu. La kwanza ni wavu wa kutupa kwa mkono, ambao watu wa pwani huuita kimia. Huo ndio uliokuwa mikononi mwa Simoni na Andrea Yesu alipowaita (Mathayo 4:18). La pili ni jina la jumla la nyavu, zile walizokuwa wakiziosha asubuhi baada ya kukosa samaki usiku kucha (Luka 5:2). Nyavu za siku hizo zilisokotwa kwa nyuzi za kitani, nazo zisipooshwa na kuanikwa huoza. La tatu ni juya, wavu mrefu unaozungushwa kwa mashua na kuvutwa na watu wengi hadi ufuoni (Mathayo 13:47).

Asubuhi ile Simoni alikuwa amechoka. Kushusha nyavu mchana, mahali ambapo usiku hapakutoa kitu, kulikuwa kinyume cha ujuzi wake wote. Alizishusha kwa sababu Yesu alimwambia. Samaki walijaa hata nyavu zikaanza kukatika na mashua mbili zikawa karibu kuzama. Simoni hakupiga hesabu ya fedha. Alianguka magotini, akajiona mwenye dhambi, akamwomba Bwana aondoke kwake. Yesu hakuondoka. Alimpa kazi mpya, na neno la Kiyunani ambalo Luka alilitumia kuieleza (Luka 5:10) maana yake ni kukamata kitu kikiwa hai. Samaki akitolewa majini hufa. Watu ambao Simoni angewavua wangetolewa mautini wapate kuishi.

Tofauti hiyo inaonekana wazi zaidi tukirudi kwa manabii. Katika Agano la Kale vyombo vya uvuvi, mara vinapoelekezwa kwa watu, mara nyingi ni ishara ya hukumu. Amosi aliwaonya wanawake matajiri wa Samaria, waliowaonea maskini, kwamba wangechukuliwa kwa ndoana (Amosi 4:1–2). Yeremia alitaja wavuvi watakaotumwa kuwatafuta waasi (Yeremia 16:16). Habakuki alilia juu ya Wakaldayo waliowatendea watu kama samaki, wakawazoa kwa juya, wakashangilia, kisha wakautolea wavu wao dhabihu kwa sababu ndio uliowanenepesha (Habakuki 1:14–17). Ni picha ya mtu anayemwona jirani kuwa windo tu. Nasi tunaifahamu. Anayemngojea mkulima wa korosho mwenye njaa, akanunua kwa kangomba kwa bei ya kutupa, kisha akamshukuru Mungu kwa faida, anautolea sadaka wavu wake.

Ndoana nayo ilikuwa na somo kwa Petro. Watoza kodi ya hekalu walipomuuliza kuhusu Mwalimu wake, alijibu upesi kuliko alivyofikiri. Yesu, ingawa kama Mwana hakudaiwa, alimtuma Petro baharini na ndoana, na katika kinywa cha samaki wa kwanza ikapatikana sarafu iliyotosha kodi ya watu wawili (Mathayo 17:24–27). Hapo tu ndipo Agano Jipya linapotaja ndoana. Chombo ambacho kwa Amosi kilibeba watu kwenda uhamishoni, mkononi mwa Petro kilitoa malipo, na katika malipo hayo Bwana alijihesabu pamoja na mtumishi wake.

Katika mfano wa juya Yesu aligusa kazi ambayo Petro aliifanya tangu ujana. Juya halichagui. Ziwa la Galilaya lina perege, na lina kambale pia, jamaa ya kambale tunayemwona katika madimbwi yetu. Kambale hana magamba, kwa hiyo kwa sheria ya Walawi 11:9–12 si chakula. Wavuvi walikaa chini ufuoni, wakawaweka wema vyomboni na kuwatupa wabaya. Lakini angalia ni nani wanaochagua katika mfano: ni malaika, tena mwisho wa dunia (Mathayo 13:49). Wanaovuta juya hawakupewa kazi hiyo.

Kisha ukaja usiku wa kumkana. Petro alisimama akiota moto wa makaa katika ua wa kuhani mkuu, akakana mara tatu kwamba hamjui Yesu (Yohana 18:15–27). Baada ya ufufuo alirudi ziwani na wenzake sita, na usiku kucha hawakupata kitu. Alfajiri Yesu aliwaelekeza upande wa kuume wa chombo, wakapata samaki wakubwa 153. Ile mara ya kwanza nyavu zilianza kukatika. Safari hii wavu haukupasuka (Yohana 21:11). Ufuoni palikuwa na moto wa makaa, na samaki wamekwisha kuwekwa juu yake. Bwana hakumwita Petro kwa sababu alihitaji samaki wake. Kando ya moto huo alimuuliza mara tatu kama anampenda, naye mara tatu akamkabidhi kondoo na wana-kondoo wake. Mvuvi akapewa kazi ya mchungaji, kwa maana mtu aliyevuliwa akiwa hai anahitaji kulishwa.

Siku ya Pentekoste watu wapata 3,000 waliongezwa (Matendo 2:41). Lakini Petro alikuwa bado hajaacha kuchagua. Huko Yafa, katika nyumba iliyokuwa karibu na bahari, alionyeshwa nguo kubwa iliyoshushwa kwa pembe nne, ikiwa na wanyama wa kila namna, mfano wa juya lililojaa. Petro mwenyewe alieleza maana yake nyumbani kwa Kornelio: Mungu hakuwa anabadili chakula, alikuwa anamfundisha asimwite mtu yeyote najisi (Matendo 10:28). Hata baada ya hapo aliteleza kule Antiokia, akajitenga na waumini wa Mataifa kwa kuogopa watu, na Paulo alimkemea mbele ya wote (Wagalatia 2:11–14). Somo la juya si la siku moja.

Katika nyaraka zake Petro hataji wavu hata mara moja. Katika waraka wake wa pili anatumia neno la kivuvi, la kunasa kwa chambo, nalo analitumia kwa walimu wa uongo wanaozinasa roho zisizo imara (2 Petro 2:14, 18). Mvuvi huyu alijua kwamba chambo ni hila, wala haina nafasi katika kazi ya Kristo. Kwa wazee wa kanisa alitumia lugha ya kundi: walichunge kwa hiari, si kwa tamaa ya fedha wala kwa kujifanya mabwana (1 Petro 5:2–3). Mapokeo ya kanisa la kwanza yanasema aliuawa Roma katika siku za Nero, kati ya miaka ya 64 na 68 B.K., kwa kusulubiwa. Mikono iliyozoea kuvuta wavu ilinyoshwa, kama Bwana alivyomtangulia kumwonyesha (Yohana 21:18–19).

Wapendwa, hili linatugusa tunapowaendea jirani zetu, ambao wengi wao si wa imani yetu. Mahubiri ya kutisha watu, msaada unaotolewa ili kumnunua mtu, hesabu ya ubatizo isiyofuatwa na malezi: hayo ni utupa majini. Huleta wengi kwa siku moja, na dimbwi hubaki halina kitu. Kristo alituita kuvua kwa uzima, kwa uvumilivu wa wavuta juya, tukiosha na kutengeneza nyavu zetu hata asubuhi ambazo hatujapata kitu, na kuwalisha wale ambao ametupa.

Maswali ya kujadili darasani

1. Petro alizishusha nyavu kinyume cha ujuzi wake. Ni wapi katika kazi ya kanisa lenu uzoefu umekuwa kizuizi cha utii?

2. Soma tena Habakuki 1:14–17. Ni njia zipi za kujipatia riziki katika wilaya zetu zinazomgeuza jirani kuwa windo? Muumini aliyezizoea aanzie wapi kuziacha?

3. Ni nani ambao darasa lenu limekwisha kuwatenga kabla malaika hawajaja? Sabato hii mtafanya nini juu ya mmoja wao?

4. Taja watu waliobatizwa kwenu katika miaka miwili iliyopita. Nani hayupo leo, na nani atakwenda kumtembelea wiki hii?