Habari za Mohamed Amin, Mpiga Picha

Kaka yangu hupiga picha za video za harusi mjini Bunda. Mwaka huu ameomba kazi hiyo ng'ambo, na baba, aliyeko Butiama, hakuridhika. Wakati wa likizo nilimsimulia baba habari hizi.

Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, ambako alianza kupiga picha angali mwanafunzi. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake, Camerapix, akawa akizunguka Afrika kuyapigia picha mashirika ya habari ya ng'ambo. Mwaka 1984 alipiga picha za watu waliokuwa wakifa kwa njaa huko Korem, Ethiopia. Zilipoonyeshwa na BBC, watu wa nchi nyingi walitoa misaada. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, akapoteza mkono wa kushoto. Akatiwa mkono wa bandia, akarudi kazini.

Sikumficha baba mwisho wake: alikufa tarehe 23 Novemba, 1996, ndege iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Komoro.

Baba alinyamaza kimya. Asubuhi mimi nilipanda gari la Musoma kurudi shuleni. Yeye alipanda la Bunda, akiwa na fedha za pasipoti ya kaka.

Ndugu wasomaji, tusiidharau kazi ya kamera.