SULTANI BARGHASH: SARAFU YAKE ILIYOKATALIWA SOKONI NDIYO YENYE BEI MBAYA LEO

Leo sizungumzii bei ya sangara wala daraja letu la Kigongo–Busisi, naona mmeshalipiga picha za kutosha tangu lifunguliwe Juni 2025. Nataka tuongee sarafu za kale, maana huku kwetu kandoni mwa ziwa stori za rupia ya Mjerumani yenye thamani ya mamilioni haziishi. Kila kijiwe kina mtaalamu wake.

Kwanza tukubaliane kwamba wapo watu duniani wanaonunua sarafu kwa pesa ya kutisha. Juni 2021 kule New York iliuzwa sarafu moja ya dhahabu ya Marekani, dola 20 ya mwaka 1933, kwa takriban dola milioni 18.9. Kwa kiwango cha wakati ule ni zaidi ya shilingi bilioni 40, kwa kipande unachoweza kukificha kiganjani! Sarafu hiyo iliwahi kuwa mikononi mwa Mfalme Farouk wa Misri, mkusanyaji mkubwa aliyepinduliwa mwaka 1952.

Ila sisi tunaye mtu wetu. Ukitaka kuelewa kwa nini sarafu moja inauzwa bei ya nyumba na nyingine bei ya soda, mfuatilie Seyyid Barghash bin Said wa Zanzibar.

Barghash alikuwa mtoto wa Seyyid Said, yule aliyehamishia makao yake Zanzibar kutoka Oman. Mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Mwaka 1856 baba yake alifariki baharini akirudi kutoka Oman, na Barghash alikuwemo melini. Kijana hakungoja matanga. Walipofika Unguja alijaribu kuwahi madaraka, akashindwa, na kiti akakikalia kaka yake Majid.

Mwaka 1859 akajaribu tena. Safari hii aliwapata baadhi ya dada zake, akiwemo Salme, wakamsaidia kupanga njama. Akajichimbia na wafuasi wake kwenye shamba moja la ndugu zake, lakini Waingereza wakamsaidia Majid na mpango ukasambaratika. Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay.

Hapo ndipo wengi tungekata tamaa. Yeye alikaa kule akaona mji mkubwa unavyoendeshwa, akarudi akatulia. Oktoba 1870 Majid akafariki na Barghash akawa Sultani.

Akaanza kwa mikosi. Mwaka 1872 kimbunga kikapiga Unguja, kikazamisha meli na kung'oa mikarafuu kwa maelfu. Kabla hajakaa sawa, Waingereza wakamjia na mkataba wa kufunga biashara ya watumwa, la sivyo manowari zingezuia bandari yake. Akatia saini Juni 1873 na soko la watumwa likafungwa. Tuseme ukweli, utajiri wa usultani ule ulisimama juu ya migongo ya watu, wakiwemo waliotolewa huku bara. Hilo halifutwi na majengo mazuri.

Na majengo aliyajenga kweli. Kasri la Marhubi, la Chukwani, na mwaka 1883 Beit al-Ajaib, lile ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Alileta maji ya bomba mjini, akanunua meli za biashara, na mwaka 1875 alikwenda London kumwona Malkia Victoria. Alitaka Zanzibar ionekane dola kamili.

Sasa dola kamili bila pesa yake inakuwaje? Wakati ule sokoni kulikuwa na rupia za India na reale za Maria Theresa, fedha nzito za Austria zenye mwaka 1780 hata kama zimetengenezwa miaka mia baadaye. Wafanyabiashara wa misafara waliziamini kwa sababu walizijua uzito na sura. Barghash akaagiza sarafu zake kutoka Ulaya, zenye mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882 hivi. Kulikuwa na riyali za fedha zenye maandishi ya Kiarabu pande zote, riyali chache za dhahabu, na pesa ndogo za shaba zenye picha ya mizani.

Matokeo yake yanafundisha. Riyali zake hazikushika sokoni. Mtu aliyezoea reale ya Maria Theresa hakuona sababu ya kubadili. Lakini ile pesa ya shaba ilikubalika vizuri sana, maana mtu wa kawaida alihitaji chenji ya kununulia muhogo na samaki. Ikatolewa tena mwaka 1304 Hijria. Neno pesa lenyewe lina asili ya India, kama ambavyo hela tumeipata kwa Mjerumani.

Na leo? Mambo yamegeuka kichwa chini. Pesa ya shaba iliyowahudumia watu zipo nyingi, wakusanyaji wanaipata kwa dola chache tu, labda iwe safi sana. Riyali ya fedha iliyokataliwa inatafutwa kwa mamia ya dola, na ikiwa nzuri inavuka elfu. Zile za dhahabu ndiyo usiseme, ni maelfu kwa maelfu. Mkusanyaji halipii umri wala kazi iliyofanywa na sarafu. Analipia uchache wake, hali yake, na idadi ya watu wanaoitaka.

Ndiyo maana hata sarafu ya Tabora ina bei. Hiyo ni rupia 15 ya dhahabu, ina tembo upande mmoja, Wajerumani waliitengeneza mwaka 1916 kwenye karakana ya reli wakiwa wamebanwa na vita. Zilitoka kama 16,000 tu, na leo moja inauzwa maelfu ya dola.

Barghash mwenyewe hakumaliza vizuri. Mwaka 1885 manowari za Ujerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake, na Salme, ambaye alishaolewa na Mjerumani, alikuja nazo. Kaka mtu akakataa kumwona. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani wakakubaliana kumwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi tu. Bara yote akaikosa kwa kalamu. Akafariki Machi 1888 akiwa mgonjwa.

Kwa nini nimeandika haya? Kuna mzee wa jirani hapa Kigongo ana kisarafu cha shaba chenye mizani, amerithi kwa wazee wake. Kuna vijana walimwambia kina thamani ya milioni 80, ila atoe kwanza laki tatu za vipimo. Alishaanza kutafuta mteja wa mbuzi wake! Nilipomwonyesha picha za sarafu za Barghash na bei zake alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema basi mbuzi wabaki.

Kwa hiyo wadau, mambo matatu. Usimlipe mtu ili akununulie mali yako, mnunuzi wa kweli ndiye anayetoa pesa. Usiisugue sarafu kwa limau, mchanga wala majivu, ukiing'arisha umeiua bei. Na soma mwaka na maandishi kabla ya kusikiliza kijiwe, kama ni Kiarabu mpelekee anayekijua.

Kile kisarafu cha mzee huenda kilipita mikono mingapi mpaka kufika ziwani, Mungu ndiye ajuaye. Mimi ningekuwa yeye nisingekiuza kwa hizo dola chache. Ninyi mngefanyaje?

Nawasilisha.